Kulinganisha gharama za vyuo vya bei nafuu Tanga: mwongozo kwa mzazi na kijana

Nina steshenari ndogo Ngamiani. Kuanzia Julai mpaka Oktoba kazi yangu kubwa huwa kuwajazia watu maombi ya vyuo, kuwatafutia fomu mtandaoni na kuwaprintia. Karibu kila mzazi, akishaketi na kushusha pumzi, huniuliza swali moja: "Dada, chuo hiki ada yake shilingi ngapi?" Namjibu, kwa kuwa ameuliza. Lakini swali hilo peke yake ndilo lililotuumiza nyumbani kwetu.

Mtoto wa kaka yangu alimaliza kidato cha nne akapata D nne na C moja. Tulikuwa na vyuo viwili mkononi, kozi ileile. Kimoja ada yake 650,000 kwa mwaka, kingine 900,000. Hatukujiuliza mara mbili. Kaka aliuza mbuzi watatu, mimi nikaongezea, kijana akaenda kwenye kile cha laki sita na nusu. Muhula wa pili alirudi nyumbani na begi lake. Kulikuwa na michango ambayo hatukuihesabu, chumba cha kupanga ambacho hatukukihesabu, na nauli iliyokuwa ikimla kila asubuhi. Usiku mmoja nikakaa na daftari nikapiga hesabu ya vyuo vyote viwili, kama tulivyotakiwa kufanya tangu mwanzo.

Chuo tulichokiona rahisi: ada 650,000; michango 310,000; chumba cha 40,000 kwa mwezi kwa miezi 12, 480,000; nauli 1,200 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 36, 216,000. Jumla 1,656,000.

Chuo tulichokiona ghali: ada 900,000, michango 120,000, bweni ndani ya chuo kwa mwaka mzima 200,000. Jumla 1,220,000.

Chakula sikukiandika kwa sababu angekula popote ambapo angekuwa. Hata hivyo tofauti ilikuwa 436,000, na iliangukia upande ambao hakuna aliyeutazama. Tangu siku hiyo mzazi akikaa kwenye kile kiti, kabla sijafungua kompyuta namvutia karatasi. Haya ndiyo ninayomwandikia.

Hatua ya kwanza: anaingia na cheti gani?

Hapa usipoteze muda mwingi, ila usiparuke. Mwenye cheti cha darasa la saba au aliyeanguka kidato cha nne ana njia ya VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya serikali, na ya vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yaani D nne na kuendelea bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza astashahada kwenye vyuo vya kati. Baadhi ya kozi, za afya hasa, zinataka masomo fulani kwa majina yake. Ukishajua kijana anasimama wapi, nusu ya vyuo vinatoka kwenye orodha vyenyewe, na hutalipia maombi yasiyo na maana.

Kuna kundi moja ambalo watu hulisahau, nalo nalihurumia sana. Ni kijana ambaye ameshakaa gereji miaka minne, au fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za Mikanjuni, lakini hana karatasi. Huyu asikimbilie kulipa ada ya miaka miwili kufundishwa anachokijua. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa, anajazwa pale alipopungua, anapewa cheti. Nenda chuo cha VETA uulize utaratibu huo kwa jina lake, "kurasimisha ujuzi", kabla hujauliza bei ya kozi yoyote. Nimeona vijana wakiuza pikipiki iliyokuwa ikiwalisha ili walipie kozi ambayo wangeweza kuiruka.

Hatua ya pili: vigawe vyuo mafungu matatu

Usilinganishe chuo kimoja kimoja kama unavyochagua nyanya Mgandini. Vipange kwanza kwa aina, kwa sababu kila aina ina mfuko wake.

Fungu la kwanza ni vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo wengi hapa huviita FDC. Vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi alivyoviona Sweden, na leo vya serikali viko 54 nchi nzima. Mkoa wetu una Handeni na Kiwanda, hicho cha pili kikiwa wilaya ya Muheza. Vinafundisha ushonaji, useremala, uashi, umeme, mapishi, kilimo na ufugaji, na vina kozi fupi za miezi michache pamoja na ndefu za miaka miwili. Nasikitika kwamba mzazi wa mjini huvidharau bila kuvifikia. Kwa binti aliyekatisha shule kwa ujauzito, sijui mahali pa kumpeleka kwanza kuliko huko: mpango wa Elimu Haina Mwisho kwenye vyuo hivi uliwekwa kwa ajili yake hasa, na umemwezesha kusoma akiwa na mtoto wake.

Fungu la pili ni VETA. Ada ya kozi ndefu imekaa miaka mingi kwenye 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Hakikisha kwenye fomu ya mwaka wako, lakini hiyo ndiyo picha.

Fungu la tatu ni vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada, vya serikali na vya binafsi. Hapa Tanga tuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, tuna LITA Buhuri kwa mifugo, Muheza kuna chuo cha kilimo Mlingano, na Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama pamoja na Chuo cha Maendeleo ya Jamii Ufundi Mabughai. Vya binafsi vipo vingi, vizuri na vibaya.

Kwa fungu hili la tatu, na kwa chuo chochote cha ufundi cha binafsi, angalia NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo hivi, kabla ya kuangalia bei. Usiishie kuona jina la chuo kwenye orodha. Tafuta na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi unayoitaka haijaruhusiwa pale. Ada ya kozi ya namna hiyo ni hasara, hata wakikupa kwa elfu hamsini.

Hatua ya tatu: pata fomu ya kujiunga, siyo tangazo

Hapa ndipo pa kutulia. Bango la barabarani na picha ya Wasapu vina namba moja tu, tena imeandikwa kwa wino mnene: ada. Hata kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, ambacho ni kizuri na nakitumia kila siku, kinakuonyesha ada ya masomo. Gharama nyingine zinakaa kwenye fomu ya kujiunga, ile yenye kurasa sita au kumi ambayo vyuo vingi humpa kijana baada ya kuchaguliwa, wakati mzazi ameshafurahi na hasomi tena.

Iombe mapema. Piga simu chuoni, omba fomu ya mwaka uliopita. Au tafuta kijana wa mtaani aliyesoma pale akutumie picha. Mara nyingi fomu za mwaka jana na mwaka huu zinafanana kama mapacha, tofauti ni tarehe.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka Mwera, Pangani, fomu ameikunja mara nne kwenye mfuko wa shati. "Nisomee hii, mwanangu. Wamesema laki tisa, laki tisa ninayo." Nikachukua kalamu nyekundu. Nilipiga duara kila mahali palipokuwa na neno "atalipa" na kila mahali palipokuwa na neno "aje na". Duara zilikuwa 23. Usajili. Kitambulisho. Serikali ya wanafunzi. Fedha ya tahadhari. Mtihani wa ndani. Mtihani wa taifa. Ukarabati. Sare jozi mbili, na zinunuliwe chuoni. Usimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Halafu ukurasa wa mwisho: godoro la futi mbili na nusu, chandarua, ndoo mbili, jembe na mpini wake, fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu mbili za karatasi. Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Jembe ninalo." Tulianzia hapo, kuweka alama ya vema kwenye kila kitu ambacho tayari kipo nyumbani.

Ukiwa na fomu mkononi, haya ndiyo ya kuyachungulia:

Tafuta kama malipo ni ya mwaka au ya muhula. Neno "muhula" linaweza kujificha kwenye mstari mmoja mdogo, na likiwepo, zidisha kwa mbili.

Fedha ya tahadhari inatakiwa kurudishwa kijana akimaliza bila kuharibu mali. Iandike, lakini iwekee alama, na uulize inarudishwaje.

Bima ya afya kwa wanafunzi wa vyuo kupitia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, imezoeleka kuwa 50,400 kwa mwaka. Kama kijana yumo kwenye kadi hai ya mzazi, peleka nakala ya kadi na uombe asilipe mara ya pili. Wazazi wengi watumishi hulipa mara mbili kwa kutojua.

Vifaa vya kozi. Huku kwenye ufundi ndiko kwenye tundu kubwa. Anayesoma uchomeleaji atahitaji overoli, buti za usalama na glavu. Anayesoma ushonaji atanunua vitambaa, mkasi, futi kamba, nyuzi. Anayesoma mapishi atahitaji aproni, na pengine atachangia viungo vya kila somo la vitendo. Uliza waziwazi: nyenzo za vitendo anatoa nani? Chuo chenye ada ndogo kinachomtaka mwanafunzi aje na kitambaa chake kila wiki kinaweza kumshinda mzazi kuliko chuo chenye ada kubwa kidogo kinachotoa kila kitu.

Hatua ya nne: daftari la safu nne

Chukua daftari la mistari, gawa ukurasa safu nne. Ya kwanza: kinacholipwa mara moja tu. Ya pili: kinacholipwa kila mwaka au kila muhula. Ya tatu: kinacholipwa kila mwezi. Ya nne: kinacholipwa kila siku. Kila chuo kipe ukurasa wake, na kila kitu ulichokipigia duara kipeleke kwenye safu yake. Safu tatu za mwisho zizidishe mpaka ziwe mwaka mzima.

Safu ya nne ndiyo inayofukarisha watu, kwa sababu inaonekana ndogo. Chukua VETA hiyohiyo. Tofauti ya kutwa na bweni ni 60,000 kwa mwaka, na mzazi anasema, basi na awe wa kutwa, tuokoe sitini. Sasa tuseme anakaa mbali na chuo, nauli ni 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa siku 1,200, kwa wiki ya siku tano 6,000, kwa wiki 40 ni 240,000. Umeokoa elfu sitini kwa kutumia laki mbili na arobaini. Na hapo bado hajanunua chai ya saa nne.

Watu wa Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo. Mwanafunzi wa kutwa anayetoka Muheza ndiye huyo hasa: kilomita kama 35 asubuhi, kilomita kama 35 jioni, na basi la asubuhi likijaa anakosa kipindi cha kwanza. Nafasi za bweni ni chache, hivyo usiweke uhakika wa bweni kwenye daftari mpaka uwe na barua. Lakini omba. Na ukiomba, uliza kama ada ya bweni ina chakula ndani yake au ni kitanda tu, kwa kuwa jibu la swali hilo linaweza kubadilisha jumla yote.

Kwa anayekaa ndani ya jiji, nina neno moja ambalo vijana hawalipendi mwanzoni: baiskeli. Tanga ni tambarare, kutoka Makorora au Mabawa kwenda popote mjini hakuna mlima wa kukutoa pumzi, na wazee wetu wamekwenda kazini kwa baiskeli maisha yao yote. Baiskeli ya mtumba, pamoja na kufuli nzuri na pampu, ikiwekwa safu ya kwanza mara moja, inafuta mstari mzima wa safu ya nne. Mtoto wa dada yangu aliinunua kwa fedha ya nauli ya miezi mitano, na mwaka wa pili alikuwa bado anaipanda.

Hatua ya tano: pa kulala na pa kula

Kama hakuna bweni, kuna chumba cha kupanga au kuna ndugu.

Chumba kina mambo mawili yanayosahaulika. Kwanza, mwenye nyumba hatambui likizo. Chuo kinafungwa miezi miwili, kodi inaendelea, ndiyo maana hesabu yangu ya juu ina miezi 12 na siyo 10. Pili, wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka chake. Kwa hiyo chumba cha 40,000 siyo 40,000 siku ya kuingia. Ni 240,000 kama anataka ya miezi sita, pamoja na ujira wa dalali. Fedha hiyo inatakiwa wiki ileile ya ada. Vijana wawili wakishirikiana chumba, hesabu inakaa vizuri zaidi, ila wajuane kabla.

Kwa ndugu, nisikilizeni mimi ambaye ni shangazi wa watu. Kukaa kwa shangazi siyo bure. Anakula, anaoga, anafua, anachaji simu. Shangazi hatasema, atanyamaza, na mwezi wa nne utasikia maneno kwa watu wengine. Weka kwenye daftari gunia la unga au debe la mchele kwa kila muhula, sabuni, na kitu kidogo cha umeme wa Luku. Hata ukiweka 30,000 kwa mwezi bado uko chini ya chumba, na kijana anakula cha moto. Kaeni chini wazazi wawili mlizungumze kabla kijana hajabeba begi.

Chakula cha kujipikia na cha mama lishe viandike vyote viwili, kisha umwache kijana mwenyewe achague akiona namba. Kwa kujipikia hesabu pia mtungi mdogo wa gesi au mkaa, sufuria na ndoo ya maji.

Hatua ya sita: hesabu mpaka cheti, siyo mpaka mwaka wa kwanza

Kozi hazilingani urefu, na mwaka mmoja wa chuo hiki siyo mwaka mmoja wa chuo kile. Kwenye ufundi stadi kuna ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila ngazi ina cheti chake. Kwenye vyuo vya kati kuna ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, hiyo ya 6 ikiwa stashahada. Kwa aliyetoka kidato cha nne ni miaka mitatu kwa kawaida. Zidisha jumla yako kwa idadi ya miaka mpaka cheti ambacho kazi anayoitaka inakidai.

Halafu jiulize jambo ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko ada: fedha zikikata katikati, atatoka na nini? Anayesimama baada ya ngazi ya kwanza ya ufundi stadi anatoka na karatasi na anaweza kushika kazi. Anayesimama katikati ya mwaka, popote pale, anatoka na deni. Kama uwezo wako una mashaka, chagua njia yenye vituo vya karibu.

Ongeza na akiba ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Najua hakuna mzazi anayependa kuandika fedha ya kufeli kwa mtoto wake. Lakini mtihani wa marudio unalipiwa, na anayekeri somo, yaani anayelibeba alirudie baadaye, anaweza kukaa muhula wa ziada akilipa chumba na chakula. Uliza sapu moja ni kiasi gani, weka mbili kwenye daftari. Asipozitumia, zitamnunulia vifaa vya kazi.

Hatua ya saba: fedha inatakiwa lini, na kwako inaingia lini?

Chuo cha 1,200,000 kinachokubali awamu nne kinaweza kulipika na mtu ambaye chuo cha 1,000,000 kinachotaka yote siku ya kuripoti kingemshinda. Kwa hiyo pembeni ya daftari andika miezi 12, na kila malipo yaweke kwenye mwezi wake. Upande wa pili andika fedha yako inaingia lini. Mkulima wa machungwa wa Muheza ana msimu wake. Mvuvi wa Sahare anajua miezi ambayo kusi inavuma na mtumbwi haushuki. Anayelipwa mshahara mashamba ya mkonge ana kidogo cha kila mwezi. Vyuo vya kati vingi huanza Septemba au Oktoba, na VETA kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari. Kwa mkulima, miezi hiyo mitatu au minne ya tofauti inaweza kuwa ndiyo gharama yenyewe.

Ukiona mwezi ambao malipo yamezidi mapato, nenda kwa mhasibu wa chuo kabla ya usajili, siyo baada ya kijana kutolewa kwenye chumba cha mtihani. Omba ratiba ya awamu kwa maandishi. Wahasibu wengi ni waelewa kwa mtu anayekuja mapema.

Kuhusu msaada, HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, katika fani zilizotajwa tu, kama afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Siyo kila kozi, na kuomba siyo kupata. Mimi huwaambia watu wapige daftari lao lote bila mkopo. Ukija, ushukuru na upunguze mzigo.

Hatua ya nane: nenda ukakione

Ukishabaki na vyuo viwili, tumia nauli ya siku moja kwenda kuvitembelea. Usiende siku ya maonyesho. Nenda Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi. Ukisalimia mlinzi vizuri atakuonyesha karakana.

Nilikwenda na binti wa jirani kuangalia kozi ya ushonaji sehemu mbili. Kwenye chuo cha kwanza vyerehani vilikuwa 20 vimepangwa vizuri, lakini nilipopitisha kidole juu ya kimoja, kilitoka na vumbi la kijivu, na sindano hazikuwemo. Kwenye cha pili vilikuwa 9, vya zamani, vya kukanyaga kwa mguu, na sakafu ilikuwa imejaa vipande vya kanga na vitenge. Wasichana watatu walikuwa wamezunguka cherehani kimoja, mmoja anashona, wawili wanapasi mshono na kubishana kuhusu kola. Binti alinivuta mkono akanong'ona, "Shangazi, hapa."

Ukiwa pale, ongea na wanafunzi wa mwaka wa pili, mbali na ofisi. Waulize swali hili kama lilivyo: "Mwaka jana mlilipa nini ambacho hakikuandikwa kwenye fomu?" Wanyamaze au wacheke, mwishowe watakuambia. Waulize pia mafunzo kwa vitendo walipelekwa wapi, na nani alilipa nauli na chakula kule. Kijana akipelekwa Arusha au Dar es Salaam kwa wiki nane, hiyo ni safari na chumba kingine ambacho lazima kiwe na mstari wake kwenye daftari.

Hatua ya tisa: kulipa

Vyuo vya serikali hulipwa kwa kontroli namba, ile namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, kupitia benki au simu. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lazima liwe la chuo au taasisi inayokimiliki. Chuo cha binafsi kiwe na akaunti ya benki kwa jina la chuo. Mtu yeyote anayekuambia utume kwenye simu yake "ili akuwahie nafasi", hata awe anajua jina la mkuu wa chuo na la mkewe, usimtumie. Hapa dukani nimewazuia watu wawili wakiwa wameshaandika kiasi. Makato ya kutuma nayo yaandike. Ukilipa kwa vipande vidogo vidogo kwa simu, yanakusanyika.

Chapisha kila risiti, au angalau ipige picha ujitumie, kwa sababu ile ya karatasi laini hufifia na miezi sita baadaye inabaki nyeupe.

Mtoto wa kaka yangu alirudi shule mwaka uliofuata, kwenye kile chuo cha laki tisa. Safari hii alikwenda na daftari, pamoja na bahasha ya kaki yenye risiti zake zimebanwa kwa mpangilio wa tarehe. Mwezi wa tatu jina lake lilibandikwa ubaoni kwenye orodha ya wadaiwa wasioruhusiwa kufanya mtihani. Alifungua bahasha dirishani kwa mhasibu, akatoa karatasi ya pili kutoka juu, na saa nane mchana alikuwa ameketi kwenye chumba cha mtihani.